Mboga Bila Shina

Iko siku moja, mwanangu, ambayo siwezi kuisimulia nikiwa nimesimama. Nikiikumbuka lazima nitafute kiti kwanza. Leo asubuhi ulipoingia hapa kwangu na vile vichupa vyako vya unga wa kijani, ukavipanga mezani kimoja kimoja kama mtu anayefungua duka, siku ile ilirudi yote, nikavuta kiti nikakaa. Ndipo ukanishika mkono ukaniuliza, "Shosho, uko sawa? Ama ni presha?" Si presha. Kaa hapo nikwambie.

Na hilo la kuniita shosho, mimi Mluhya wa Vihiga, nimeshalizoea. Hapa Kabiro wanawake wote wenye mvi ni shosho, hata sisi tusiojua Kikuyu zaidi ya salamu. Haya, tuendelee.

Uliniambia umechuma majani mwenyewe kule chini mtoni, ukayaanika juu ya mabati, ukayasaga kwa blenda ya rafiki yako. "Ni oganiki, shosho. Watu wa mtandao wanataka sana vitu za kienyeji. Ya presha, ya sukari, ya kuosha damu, zote." Nikakuuliza ni majani gani. Ukasema managu, terere, thabai ile inayowasha, na mengine usiyoyajua jina lakini simu iliyapiga picha ikakwambia yako sawa. Nikakuuliza umeshampa nani. Ukacheka, ukasema bado hujauza, ila jana jioni ulimpelekea nyanya Robai kichupa kimoja cha bure, kwa ajili ya presha yake.

Mwanangu! Katika Nairobi hii nzima, na watu wote hawa, umpelekee Robai?

Nilikutuma maziwa dukani haraka haraka, nawe ukashangaa kwa sababu maziwa yalikuwepo. Ulipotoka tu nilimpigia simu. Alivyonijibu nitakwambia, lakini si sasa. Acha na wewe uonje kidogo kile nilichoonja mimi. Uliporudi nilikwambia vichupa hivi vyote vimwagwe, ukasema, "Haya shosho, ni hivi tu," na mguu wako ukausukuma mkoba wako chini ya kiti.  Sikiliza sasa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa naishi Kibera, upande wa Makina, kwa senge wangu Dina. Senge ni shangazi kwetu, dada ya baba. Mwanamke mfupi, mkavu, mdomo wake hauna breki, lakini moyo safi. Alikuwa anauza mboga za kienyeji, zile zinazojiotea zenyewe, si za shambani. Alinifunza kuzichuma. Tulikuwa tunashuka bondeni kabla watu hawajaamka vizuri, tunapita mbali na mitaro ya maji machafu, tunatafuta pale udongo ulipo safi: managu, terere, mrenda, mitoo kwa bahati. Senge alikuwa anatembea ameinama, anaongea na mimea peke yake kama wazimu, "Wewe bado mdogo, wewe njoo, wewe hapana."

Sheria yake ilikuwa moja tu. Mboga ikatwe na shina lake, ifungwe fungu, iuzwe na shina lake, mteja aichambue mwenyewe kwake. Nilimwuliza sababu mara nyingi. Alikuwa ananijibu, "Mtu ana kipande chake mfukoni kinachosema yeye ni nani. Kipande cha mboga ni shina. Ukilitoa, nani atajua umeuza nini?" Mimi nilikuwa nasikia kwa sikio hili, yanatokea kwa hili.

Kwa sababu mimi nilikuwa mjanja, unaona. Mimi nilikuwa nauzia kwenye lango la Nyayo Highrise, na wanawake wa kule hawakuwa na haja ya mashina. Mmoja aliniambia, "Mimi niko ghorofa ya nne, hayo mashina nitayatupa wapi? Nichambulie nikulipe zaidi." Nikamchambulia. Kesho yake wakaja watatu wanataka hivyo hivyo. Basi nikaona, ya nini kubeba mashina kilima chote hicho halafu niyatupe juu? Nikaanza kuchambua huko huko bondeni. Napitisha mkono kwenye mmea, majani yanabaki kiganjani, shina naliacha pale pale chini. Mfuko mwepesi, biashara mbio, na senge hajui lolote. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu halikuvunjika, mwanangu. Lilivunjika la mwenzangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mlango wangu ulikuwa unatazamana na mlango wa Robai. Ndiyo, Robai huyo huyo, mama wa mama yako. Alikuwa ameolewa na Josia, fundi wa mawe, babu yako ambaye hukumkuta. Tulikuwa tumefika Nairobi karibu wakati mmoja, wote wageni, wote washamba, tukashikana kama mapacha. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza majuma mawili nyuma. Kitoto chenyewe ni mama yako, usitoe macho, hata mama yako aliwahi kuwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya beseni.

Sasa Robai maziwa hayakuwa yanatoka vizuri. Na kwetu, mama akijifungua, analishwa mboga chungu, managu na mitoo, zilizochemshwa na maziwa mpaka zikalainika. Ndizo zinazorudisha damu na kushusha maziwa, ndivyo mama zetu walivyotuambia. Lakini mama yake Robai alikuwa ameshafariki, na mama mkwe yuko Kakamega na miguu mibovu. Basi mama wa kumpikia nikawa mimi, mtoto wa miaka kumi na tisa! Akaniambia, "Trufena, kesho niletee zile chungu. Chungu kabisa. Mtoto analia, nami sina kitu."

Kesho yake nikashuka bondeni peke yangu, senge alikuwa ameenda sokoni Kawangware. Nikafika mahali petu pa siku zote nikakuta pamefyekwa pote, watu wanataka kujenga. Terere nilipata kidogo pembeni, za kuuza. Managu hakuna hata mmea mmoja. Nikasema, nitarudije kwa Robai mikono mitupu? Nikaenda mbele zaidi, mahali ambapo hatukuzoea kwenda, nyuma ya rundo la kifusi. Jua lilikuwa halijatoka. Na pale, mwanangu, niliona mboga! Majani mapana, laini, yamestawi kwenye udongo mweusi, yamechanganyikana na terere. Nikajua ni managu, yale ya jani kubwa ambayo watu walikuwa wameanza kuyapenda. Nikasema moyoni, Mungu amemwona Robai.

Nikapitisha mkono kama nilivyozoea. Majani mfukoni, mashina chini. Yalikuwa na harufu nzito isiyopendeza, nikasema ni harufu ya hicho kifusi. Na kwa vile ni Robai, nilimchagulia yale mapana kuliko yote, nikayafunga peke yake kwenye kitambaa changu cha kichwa. Sikuyachanganya na ya kuuza. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo, na mpaka leo linanitia aibu, maana ni kusema yule niliyempenda ndiye niliyempa sumu yote.

Nilimpikia mwenyewe kwenye jiko langu, na maziwa, na chumvi kidogo. Akaweka kijiko cha kwanza mdomoni akakunja uso. "Ai! Hii ni chungu!" Halafu akacheka. "Hii sasa ndiyo yenyewe." Unaelewa jinsi tulivyopotea? Mtu wa kabila lingine angetema. Sisi hatutemi. Mtu wa kwetu akiona mboga ni chungu hasemi kuna kitu kibaya, anasema ongeza. Robai akaongeza. Alikula bakuli zima na ugali, huku ananisifu. Mimi sikuonja hata kidogo, kwa sababu kwetu chakula cha mzazi hakiguswi na mwingine, ni kama kumwibia mtoto. Nikanawa mikono, nikabeba terere zangu, nikaenda zangu Highrise nikiimba.

Niliporudi ilikuwa saa nane mchana. Nikaona watu wamejaa uani mpaka kwenye mlango wa Robai. Nikasikia ngoma ya kanisa. Nikawapenya.

Woi, mwanangu. Woi!

Robai alikuwa ameketi kitandani wima, kitenge kimemteleza, ngozi yake inawaka moto ukimgusa. Midomo imekauka mpaka imepasuka. Macho yake yalikuwa meusi yote, ile duara nyeusi ya katikati imepanuka mpaka hakuna rangi nyingine iliyobaki, na hakuwa ananiona. Alikuwa anaongea na mama yake, yule marehemu, anamwambia asogee kidogo ampishe. Na vidole vyake, jamani! Vidole vyake vilikuwa vinachuma hewani. Anabana, anavuta, anaweka mapajani. Anabana, anavuta, anaweka mapajani. Vile vile ninavyofanya mimi bondeni. Hakukuwa na kitu pale, hewa tupu, na yeye anachuma tu.

"Amerogwa huyu," mmoja akasema. "Ni mapepo ya uzazi," mwingine akasema. Wamama wa kanisa lake wakazidisha kuimba. Josia alikuwa ameitwa kutoka kazini, amesimama katikati ya chumba na saruji imemkauka mikononi, hajui aiweke wapi hiyo mikono. Aliponiona akanishika mabega. "Trufena, asubuhi alikuwa mzima! Wewe ulikuwa naye. Amekula nini?"

Na mimi nilishajua. Usifikiri sikujua. Nilijua pale pale nilipoona vile vidole. Sufuria ilikuwa pale chini kando ya kitanda na mabaki meusi ndani, na ile harufu nzito ikanijia tena puani, na hapakuwa na kifusi mle ndani. Nilijua kabisa. Nikamtazama Josia usoni nikamwambia, "Sijui."

Halafu nikaisukuma sufuria kwa mguu, polepole, mpaka ikaingia chini ya kitanda.

Ndiyo. Nyanya yako huyu unayemwona ana kiti cha mbele kanisani. Nimesema uongo mwingine maishani, nani hajasema, lakini huo ukinijia hata kanisani nainama. Rafiki yangu anakufa mbele yangu, mtoto wake analia kwenye beseni, na mimi ninawaza watu watasema nini, nani atanunua mboga zangu tena.

Senge Dina akaingia na kikapu chake kichwani. Hakuuliza kuna nini. Alimtazama Robai, akatazama vidole vile, akamgusa paji la uso. Halafu akageuka akanitazama mimi, na hakuniondolea macho.

"Amekula nini?"

"Sijui, senge."

"Trufena. Nimekuuliza, amekula nini?"

Alingoja. Hakunishika, hakunipigia kelele. Ngoma ikanyamaza. Chumba kizima kikanitazama. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kitanda, nikaivuta ile sufuria mbele za watu wote. Mlio wake sakafuni siwezi kuusahau. Senge akageuza mabaki yale kwa kijiko, akayanusa, akatikisa kichwa. "Majani matupu, na yameshaiva. Hata malaika hawezi kuyatambua haya. Shina liko wapi?"

"Niliacha bondeni."

Mwanangu, nilitarajia kofi. Halikuja. "Josia, beba mke wako kliniki sasa hivi. Nyinyi wa maombi, ombeni mkitembea. Na wewe," akaninyooshea kidole, "kimbia. Usirudi bila shina. Daktari atatibu nini kama hajui anapigana na nini?"

Nilikimbia hata viatu sina. Nilikimbia nikilia kwa sauti, watu wanauliza mwizi yuko wapi. Nikafika nyuma ya kile kifusi nikasimama.

Mbuzi walikuwa wamepita pale. Mbuzi wa mtaani, wale wanaokula hata katoni, hata nguo kwenye kamba. Walikuwa wamekula mashina yote ya terere niliyoyatupa. Wamekula hata majani makavu. Wameacha matano tu. Mashina matano, yamelala pale pale nilipoyaangusha asubuhi, hakuna jino lililoyagusa. Mbuzi amejua, mimi sikujua! Mimi mwuza mboga, mimi ninayejisifu naweza kuchuma nimefumba macho! Nikainua kichwa, na hatua kama kumi mbele, mmea ule ule umesimama, mkubwa, umekomaa, una maua meupe marefu na matunda yaliyojaa miiba kama kitu cha kuzimu. Asubuhi kulikuwa na giza sikuuona. Wazee wanasema usilolijua ni usiku wa giza, na mimi nilikuwa na giza la aina zote mbili.

Niling'oa na mizizi yake. Miiba ilinichoma, sikusikia. Nilipofika kliniki tayari walikuwa wameanza kumtafutia malaria ya kichwani, maana dalili zilikuwa zinafanana. Daktari alikuwa kijana. Nikaweka ule mmea mezani juu ya makaratasi yake, udongo na yote. Aliuona tu akasimama. "Amekula huu?" Nikasema, "Ndiyo. Mimi ndiye niliyempikia." Akatoka mbio anaita wenzake. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwa Kiswahili cha pwani unaitwa mnanaha, na kuna watu umewaua wakiwa wameketi mezani na familia zao.

Sijui yote waliyomfanyia Robai. Niliona wakimwekea maji ya mshipa, niliona wakimfunga mikono kwa shuka asijidhuru. Mtoto walisema asinyonye kabisa. Wakanipa nimshike. Mwanangu, kushikwa na hofu ni jambo moja. Kushika mtoto mchanga anayekutafuta titi kifuani wakati wewe ndiye uliyemfungia maziwa ya mama yake, hilo sina jina lake. Alitafuta, alitafuta, mpaka akalala kwa kuchoka. Mama yako huyo.

Senge akaja akakaa kwenye benchi kando yangu. Nikafikiri sasa ndiyo kofi. Akaongea pole pole, jambo ambalo hakuwa analijua kabisa. "Kuchuma vibaya ni kosa. Mimi nimewahi kuchuma vibaya, mama yangu alichuma vibaya, tulitapika tukaendelea. Hilo nakusamehe. Lakini ulisema hujui na ulijua. Ulisukuma sufuria, nimeona alama yake sakafuni. Ulikuwa tayari Robai afe, mradi jina lako libaki zuri. Watu husema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe ulichuma, ukamwachia mwenzako ale peke yake."

Nilimfunika mtoto vizuri. Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Siku ya tatu Robai alifungua macho akatutambua. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyelala jangwani. Senge alinisukuma mgongoni mpaka kitandani, akasema, "Mwambie." Nikamwambia. Nikamwambia majani, nikamwambia mashina, nikamwambia hata ile sufuria na mguu wangu. Robai alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akageuka akatazama ukuta.

Maziwa yake hayakurudi. Mama yako alilelewa na maziwa ya mkebe, na kila mkebe Josia aliuvunjia mawe. Robai hakunisemesha. Milango yetu inatazamana, tunafua uani pamoja, tunapishana na ndoo, na hanisemeshi. Niliacha kuuza mboga, nikawa nafua nguo za watu. Ikapita mvua ya vuli yote. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nilikuwa nimeanza kufunga nguo zangu nirudi nyumbani.

Basi asubuhi moja nikasikia hodi. Nikafungua, ni yeye, na mtoto mgongoni.

"Niletee mboga," akasema.

Nikafikiri nimesikia vibaya. "Mboga gani?"

"Yoyote. Lakini na mashina."

Nilikwenda na senge, tukachuma terere mchana kweupe, na mashina, na mizizi. Robai alikalia kigoda chake mlangoni akachambua jani moja moja. Kila jani analigeuza, analinusa, analitazama kwenye mwanga. Mimi nikapika. Akapakua sahani ya kwanza akaiweka mbele yangu, si mbele yake. Nikala. Alinitazama nikila mpaka nikamaliza, akangoja mpaka makaa yakawa majivu, mtoto akaamka, akalala tena. Halafu ndipo akala. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Miaka ikaenda, yule mtoto aliyekuwa kwenye beseni akaolewa na Enos wangu, baba yako, wakakuzaa wewe.

Nyinyi wajukuu mmemcheka sana Robai, eti nyanya hununua sukuma wiki kama askari anayekagua vipande. Hamkujua sababu. Na hilo ni kosa letu sisi wawili. Hatukuwaficha, tulinyamaza tu, lakini naona leo kunyamaza nako kulikuwa kusukuma sufuria chini ya kitanda.

Sasa wewe, mwanangu mpendwa, umelichukua kosa langu ukalitia blenda! Mimi niliacha mashina bondeni. Wewe hata jani hukuliacha. Umefanya unga, wa kijani, mzuri, laini, na hakuna binadamu chini ya jua anayeweza kuutazama akajua ni nini. Pengine ni terere safi tupu. Pengine. Mimi sijui, na wewe hujui, na hapo ndipo nilipotafuta kiti. Unaniambia simu ilikuonyesha. Simu imeona jani, imeona shina? Imenusa? Bora ungeenda na mbuzi.

Haya, umengoja vya kutosha, naona umeanza kulia. Nilipompigia Robai nilibonyeza namba ya mtu mwingine kwanza. Aliposhika nikapiga kelele, "Robai! Ule unga, umekunywa?"

 Nikasikia kile kicheko chake cha kukohoa. "Trufena, umri wote huu tumezeeka pamoja, na unaniuliza mimi kama nimekunywa kitu kisicho na shina? Kiko dirishani, hakijafunguliwa. Nilimshukuru mtoto wa watu, nikampa chai na mandazi. Mwambie aniletee mmea mzima, tukae tuutazame."

Nililia peke yangu hapa jikoni. Wewe ulipoingia na maziwa ukafikiri ni vitunguu.

Basi hili ndilo ninalokuusia. Mimea Mungu ameiotesha kwa ajili yetu, na sitakukataza kuichuma. Imenilisha mimi na baba yako. Lakini chuma mchana, chuma na shina, chuma na mtu aliyekutangulia kuujua mmea huo, maana kuuliza si ujinga. Usimpe mtu kitu usichoweza kukiita jina, na usimpe kabla hujala wewe. Uchungu si dalili ya dawa. Anayeumwa presha aende kwa daktari, na akila majani amwambie daktari ni majani gani. Na siku utakayokosea, kwa sababu utakosea, wewe ni mtu, usiseme hujui. Sema haraka, sema ukilia, sema mbele za watu wote, lakini sema. Robai hakuponywa na mtu aliyejua mimea. Aliponywa na sufuria iliyovutwa kutoka chini ya kitanda.

Mungu akupe mkono unaojua unachochuma na mdomo usioogopa kusema ulichochuma. Akupe rafiki kama Robai, atakayekutazama ukila sahani ya kwanza halafu naye ale. Kila utakachopika kiwashibishe wa kwako, kisiwadhuru. Na ukifika umri wangu, uwe na kiti cha kukalia unaposimulia makosa yako, na mtoto wa kukusikiliza mpaka mwisho.

Sasa mwanangu, sitakushika, wala sitakupigia kelele. Senge alingoja, nami nangoja. Vuta huo mkoba hapo chini ya kiti. Nilisikia vichupa vikigongana.